Siki na mafuta ya alizeti vimefufua chuma cha vitumbua cha bibi

Chuma hiki cha kusubu, chenye mashimo saba, kilikaa stoo tangu bibi afariki. Nilipokitoa kilikuwa chekundu kama udongo wa kichuguu. Fundi wa kuchomelea alitaka kukipiga grainda, nikamkatalia. Grainda huacha mikwaruzo, na unga wa mchele hung'ang'ania palipokwaruzika.

Nikanunua siki nyeupe, nikaichanganya na maji nusu kwa nusu kwenye beseni la plastiki, chuma kikazama chote. Hapa msifanye haraka wala msisahau: siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe, kwa hiyo usikilaze humo usiku kucha. Mimi nilikitoa kila nusu saa, nikasugua kwa stilwaya, nikakirudisha. Mara ya tatu kidole kilipita ndani ya mashimo bila kukwama popote.

Nikakisuuza, nikakiegemeza ukutani kikauke, nikaenda kupokea simu. Niliporudi kimeshavaa kutu nyingine, nyembamba, ya rangi ya chungwa! Iliniuma sana. Nikasugua upya, na safari hii nikakifuta na kukibandika hapo hapo kwenye jiko la mkaa.

Kikiwa na uvuguvugu nilipaka mafuta ya alizeti kila mahali, hata mgongoni na mpinini, kisha nikayafuta kwa kitambaa kikavu mpaka ubaki mng'ao tu. Nikakiacha motoni mpaka moshi ukakata, kikapoa, nikarudia. Mara nne. Fanyeni nje, moshi wake ni mwingi. Shimo la katikati sikulifuta vizuri, mafuta yakatuama na kuganda kama gundi, ikabidi nilikwangue na kulianza tena peke yake.

Vitumbua vya kwanza vilishika na vilikuwa na ladha ya chuma. Vya pili, kijiti kilipogusa ukingo tu, kitumbua kikazunguka chenyewe, kahawia pande zote. Chuma changu kipya cha alumini hakijawahi kunipa hivyo. Kinaunguza chini na katikati unga bado mbichi.

Kwa siku nzima ya kazi na gharama ya siki, nimeridhika kabisa. Sasa nikimaliza kupika nakifuta, nakipasha, nakipaka mafuta kidogo. Kikiwa cha moto sikimwagii maji baridi, kinaweza kupasuka. Shimo la katikati bado linashika kidogo. Jumamosi nalipaka tena.