Twisheni ya oganiki Chake Chake: kwa fanksheno grupu nne juu ya tano

Mnaouliza twisheni ya kemia ya fom siksi hapa Chake, hili darasa la jioni la karibu na stendi, kwa oganiki (kemia ya kaboni), topiki ya fanksheno grupu, yani vikundi vya atomi vinavyoipa molekyuli tabia yake, maksi zangu ni nne juu ya tano, na hiyo moja ntakwambieni imekwenda wapi.

Ticha hakuanza kutukaririsha jedwali la grupu hizo. Kaja na kichupa cha mafuta ya makonyo (vijiti vya karafuu), yale yanayopikwa kiwandani Wawi, akachora yujinoli, ndo kitu kikuu kwenye mafuta hayo, ubaoni akasema haya tafuteni wenyewe mna grupu gani humo. Kumbe kwenye ringi ya benzini mna OH, hiyo fenoli, ubavuni itha (oksijeni iliyokaa baina ya kaboni mbili), na mkiani dabo bondi ya kaboni, yani molekyuli moja ya karafuu imebeba nusu ya topiki! Halafu akatia siki kwenye maji ya beking soda ikafoka mapovu, akatia na mafuta, wapi, yamezama chini kimya, mana fenoli asidi yake dhaifu haiwezi kuitoa kaboni dayoksaidi kwenye baikaboneti, ila kwenye kostiki soda inageuka chumvi inayeyuka. Hapo ndo wengi tunapopotezaga maksi.

Nilichopenda khasa, kila kitu anakipa sababu. Ethanoli na daimethili itha fomula yao moja, C2H6O, lakini moja inachemka nyuzi 78 na nyengine nyuzi 24 chini ya sifuri, kwa sababu hidrojeni ya kwenye OH inashikana na oksijeni ya molekyuli jirani na itha haina hidrojeni ya namna hiyo. Ukishaishika hiyo wala huulizi kwa nini asidi ya ethanoiki inachemka 118 na ethili ethanoeti, ambayo ni esta na haina hiyo OH, 77 tu japo esta ndo nzito zaidi, na kwa nini esta ndogo zinawahi puani.

Sasa mabaya. Maabara hamna, kwa hiyo testi ya Tollens ya aldihaidi (grupu la CHO), ile inayotoa kioo cha fedha ndani ya tyubu, tumechorewa tu, na mdalasini ulioletwa kwa ajili ya aldihaidi yake tukaishia kuunusa. Hendauti fotokopi imefifia, bondi huijui moja au mbili. Na zile amini, grupu zenye naitrojeni, kazikimbiza mno, anilini na ethilamini ipi besi kali zaidi hatukufika, hizo kasomeni wenyewe.

Ada ya mwezi, ukimuomba anakubali nusu nusu. Wa Wete ageni mapema, gari baada ya magharibi za kubahatisha.