TAHADHARI: Kuna muuzaji anauza farasi wa miaka miwili akidai wana minne na "wameshafundishwa"

Jamani wafugaji, hasa nyie wenye shamba dogo mnaotafuta farasi mchanga wa kuanza naye, someni hili kabla hamjatuma malipo ya awali.

Kazi yangu ni kufundisha farasi wachanga. Kwa muda sasa naletewa farasi kutoka kwa muuzaji mmoja (jina silitaji hapa), na kila mwenye farasi anaeleza jambo lilelile: "Siku ya kumnunua alikuwa mpole ajabu. Tangu afike nyumbani hashikiki." Nikaamua kumsindikiza mnunuzi mmoja nikajionee.

Muuzaji alikuwa amesisitiza tusifike kabla ya saa aliyopanga. Tulipofika, farasi alikuwa ameshatolewa bandani na kufungwa tandiko. Kichwa kimeshuka, mdomo wa chini unaning'inia, kope nzito. Nikamshika masikio, hana habari. Akatembezwa, kwato za nyuma zikawa zinaburuta vumbi. Isitoshe ni dume, na uume ulikuwa umetoka nje muda wote tuliokuwa pale, wala hakojoi. Hiyo ni dalili ya dawa ya kutuliza ya aina ya asepromazini, ambayo hulegeza misuli inayorudisha uume ndani. Si jambo la kuchekea: ukikaa nje muda mrefu huvimba, na dume anaweza kuharibika moja kwa moja.

Nikaomba kumfungua mdomo. Hapo muuzaji akaanza kuangalia simu, mara kuna mteja mwingine yuko njiani.

Meno hayadanganyi kirahisi kwa farasi wa umri huu. Meno ya mbele ya utotoni ni madogo, meupe, membamba karibu na ufizi. Yale mawili ya katikati hubadilishwa na makubwa akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu. Kwa hiyo wa miaka minne awe na manne makubwa juu na manne chini. Huyu hakuwa na hata moja! Yote ya utotoni. Na kwenye video ya tangazo amepandwa na mwanamume mzima, tena anakimbizwa.

Mifupa ya farasi wa umri huo bado inakua. Ile ya juu ya goti la mbele huanza kufunga (yaani kuacha kukua) karibu na miaka miwili hadi miwili na nusu, na uti wa mgongo huchelewa kuliko yote, hadi mwaka wa tano na kupita. Wale wanaoletwa kwangu, wengine mgongo unauma hata ukiwapitishia brashi tu. Mtu amelipa bei ya farasi aliyefundishwa, kumbe amenunua mgonjwa wa kuuguza.

Karatasi nazo ni kichekesho. Mchoro wa alama zake kwenye pasipoti (hati ya utambulisho wa farasi) ulionyesha soksi nyeupe, yaani manyoya meupe, mguu wa nyuma wa kushoto; farasi wetu ana miguu myeusi yote minne. Chipu, kile kifaa kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, eti "imepotea". Mlete mtu mwenye kifaa cha kusomea, apitishe upande wa kushoto wa shingo, namba 15 zilingane na pasipoti. Zisipolingana, ondokeni.

Wapo pia wasiotumia dawa: humzungusha farasi kwa kamba tangu alfajiri mpaka aishiwe nguvu, au humnyima maji. Pitisha mkono chini ya tandiko na katikati ya mapaja, utagusa chumvi ya jasho lililokauka.

Mkienda, fikeni mapema kuliko mlivyoahidi na mwombe kumwona akikamatwa malishoni, akifungwa hatamu na tandiko mbele yenu. Daktari wa mifugo awe wa kwenu, si "rafiki yangu daktari" wa muuzaji, na achukue damu siku hiyohiyo ihifadhiwe kwa kipimo cha dawa. Umri uandikwe kwenye risiti. Muuzaji safi hakasiriki kwa hayo, mimi mwenyewe nauza na sijawahi kukasirika.

Kama umeshanunua kwake, usimpande kwanza. Daktari aangalie meno na aandike umri kwa saini yake. Tangazo, video na ujumbe wote mliotumiana uhifadhi leo, maana tangazo la yule dume lilifutwa jioni ileile tulipoondoka.