Etili silikati kwa kuta za udongo zilizochimbuliwa: dawa nzuri, ila inafika ajali ishatokea

Nyota 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa huruma. Kwa wasioijua, hii ni ile dawa ya majimaji ya kupaka kwenye mawe na kuta za udongo mbichi zinazotoa unga ukizigusa. Muuzaji anaisifia kwamba inaokoa kuta za kale zinazokauka baada ya kufukuliwa, na hapo ndo ugomvi wangu ulipo.

Nianze na sifa zake maana zipo. Inapenya vizuri sana, ni nyepesi, ukiipaka kwa brashi au ukiidondosha kwa sirinji kwenye ukuta mkavu unaona inanywewa tu, afu taratibu inachukua unyevu wa hewani na kugeuka silika (kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga), spiriti inatoka (ndo maana inanuka vile, vaa barakoa ya kemikali, sio ile ya vumbi). Iache wiki 3 hadi 4. Baada ya hapo pitisha kidole, unga hauji, na kama ulifuta iliyozidi kabla haijaganda, rangi inabaki karibu ileile, haung'ai kama zile gundi za akriliki zinazofanya ngozi juu halafu zinabanduka na udongo wenyewe. Kwenye mchanga na mfinyanzi inashika kwelikweli. Kwenye plasta ya chokaa usitegemee sana.

Sasa tuje kwenye kukauka. Ukuta uliokaa chini ya ardhi karne na karne umeshapatana na unyevu wa hapo, ukiufunua tu uso unakauka haraka wakati ndani bado mbichi, mfinyanzi wa juu unasinyaa wa ndani haujasinyaa, basi lazima upasuke. Na maji ya ndani yanasogea kuja usoni yamebeba chumvi, yakifika yanaruka hewani chumvi inabaki, inafanya fuwele ndani ya vitundu vya udongo na kusukuma ganda la juu mpaka linaanguka. Salfeti ya sodiamu ndo mbaya zaidi, ikinywa maji na kubadilika inavimba zaidi ya mara 3. Haya yote yanatokea ukuta UKIWA UNAKAUKA. Dawa yenyewe inataka ukuta UWE UMESHAKAUKA, kwa sababu kwenye ukuta mbichi vitundu vimejaa maji, haina pa kupita, inagandia juujuu na unabaki na ganda gumu limekalia udongo laini huku chumvi inaendelea na kazi yake kwa nyuma. Kwahiyo inaokoa nini hasa?

Nyufa haizibi, hilo mlijue kabla ya kutoa hela. Inaunganisha chembe na chembe, ufa unaouona kwa macho unabaki palepale, tena silika yenyewe ikikauka inasinyaa na kupasuka vipande vidogovidogo. Na zile video za mtu anadondoshea maji ukutani yanateleza eti ushahidi imefanya kazi, achaneni nazo jamani, dawa ikiwa mpya inakataa maji kwa muda tu, baadae hiyo hali inaisha. Mfinyanzi unaovimba ukilowa utaendelea kuvimba.

Linganisha na wale askari wa udongo wa kaburi la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, waliogunduliwa 1974. Rangi zao zimekaa juu ya laka (utomvu wa mti unaopakwa kama vanishi), na laka hiyo ikianza kukauka inajikunja ndani ya dakika chache. Pale hakuna anayesubiri ikauke ndo apake dawa, wanaitunza ikiwa na unyevu wake na kuipa PEG 200 (kimiminika kisichokauka upesi kama maji) ichukue nafasi ya maji. Kwa ukuta mzima huwezi kufanya hivyo, najua, ila mpangilio wa kazi ndo huo, unashughulika na maji kwanza. Hata silikati ya potasiamu, dawa nyingine ya kuta za udongo ya wataalamu wa Dunhuang hukohuko China, iliyotumika kwenye magofu ya mji wa udongo wa Jiaohe, imetumika kwenye nchi kavu ambako ukuta ulishakauka zamani. Na paa peke yake halitoshi, Çatalhöyük, kijiji cha kale kilichofukuliwa kule Uturuki, wana mapaa makubwa na bado plasta za tabaka nyingi zinaachia ukuta.

Kwahiyo mimi ningetumia hela kwanza kwenye kivuli, jiotekstaili (kitambaa cha kutandika kwenye udongo kinachopitisha maji) yenye unyevu kidogo, na mtu wa kupunguza vifuniko hatua kwa hatua ili uso na ndani vikauke pamoja. Fukua eneo dogo, sio kufungua shimo zima siku moja kwa ajili ya picha. Na kama hakuna mtu wa kulinda hiyo saiti msimu ukiisha, tandika jiotekstaili, rudishia udongo, fukia. Wakubwa hawapendi kusikia hili kwa sababu ukuta uliofukiwa hauna watalii.

Ukuta ukishakauka taratibu, chumvi umeipima ukaona ni kidogo, na uso bado unatoa unga, hapo nunua, utaifurahia. Jaribu kwanza kona isiyo na thamani maana ukishapaka hakuna kuitoa. Chukua makopo madogo, kopo likishafunguliwa linavuta unyevu na kuganda humohumo, na lile kubwa la bei nafuu utaishia kulitupa nusu.