Monita ya mtumba ya inchi 24 kwa kazi ya ramani na BOQ: uzoefu wangu Dodoma

Kama una laki mbili na nusu na unatafuta kioo kipana cha kufanyia kazi, ushauri wangu ni huu: chukua monita ya mtumba iliyotoka ofisini, inchi 24, yenye pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1200. Mimi nimenunua Dell U2412M kwa 230,000 hapa hapa Dodoma mjini na ndiyo ninayoitumia kila siku ya kazi. Ni mfano wa zamani, ulitoka mwaka 2011, na bado naipendekeza mbele ya vioo vipya kadhaa nilivyooneshwa.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kuandaa BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi pamoja na bei zake. Kwa jinsi mji unavyojengwa, kuanzia Ihumwa hadi Nala, wateja wapo. Tatizo lilikuwa nafasi. Laptopu yangu ina pikseli 1366 kwa 768, na ukifungua ramani upande mmoja na Excel upande wa pili, unaona nusu sebule na nusu bei. Kutwa nzima unasogeza tu juu, chini, kushoto, kulia.

Madukani wanauza kwa inchi. Muuzaji atakuambia "hii ni 27, ile ni 29", na bei inapanda kadiri namba inavyopanda. Inchi hizo hupimwa kona hadi kona, kwa hiyo hazikuambii kioo kina kimo gani. Mimi nilikwenda na futi kamba, na hapo ndipo nilipoamua. Monita ya inchi 29 ya umbo la 21:9 (upana 21 kwa kimo 9), ile ndefu ya kuvutia, ina upana wa sentimita 68 lakini kimo chake ni 28.6 tu, sawa kabisa na ya inchi 23 ya kawaida. Hata zile za zamani za inchi 19 zilizokaribia mraba zina kimo cha sentimita 30, yaani zinaizidi. Ni sawa na kupewa kiwanja cha mita 10 kwa 40: eneo lipo, ila nyumba ya vyumba vitatu utaipangaje?

Ramani za nyumba huku kwetu nyingi huchapwa kwenye karatasi ya A3, sentimita 42 kwa 29.7. Kioo cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1200 kina upana wa sentimita 51.7 na kimo cha 32.3. Maana yake A3 iliyolala inakaa nzima kwa ukubwa wake halisi, na juu na chini kwa jumla bado zinabaki kama sentimita mbili na nusu. Kwenye inchi 24 ya kawaida, ya 1920 kwa 1080, kimo ni 29.9, kwa hiyo karatasi inagusa juu na chini, na ukiweka mstari wa programu tu umeshaikata. Kwenye ile 29 ndefu haiingii kabisa. Mtu anayechora ataelewa furaha ya kuona vipimo vya ramani kwa ukubwa ule ule mteja atakaouona kwenye karatasi. Maandishi yakiwa madogo mno unayaona hapo hapo, kabla hujapoteza hela ya kuchapa.

Upande wa BOQ, zile pikseli 120 za ziada kwa kwenda chini ni mistari sita ya Excel, maana mstari wa kawaida huchukua pikseli 20. Mistari sita ni sehemu nzima ya msingi: kuchimba, zege la chini, mawe, kurudishia udongo, kushindilia, jamvi. Naiona yote kwa pamoja na jumla yake chini.

Kuhusu zile mpya za inchi 27 za bei ya chini, kuwa makini. Nyingi zina pikseli 1920 kwa 1080, idadi ile ile ya inchi 24, ila zimetandazwa. Hupati mstari hata mmoja wa ziada, unapata herufi kubwa zenye ncha butu zaidi. Kwa mzee anayesumbuliwa na macho huenda hilo likafaa. Kwa kazi yangu ni kulipia plastiki. Inchi 27 inaleta maana ikifika pikseli 2560 kwa 1440, na hizo mpya zinavuka bajeti ninayozungumzia hapa.

Jambo la pili nililolisimamia ni aina ya paneli, yaani kioo chenyewe kinachotoa picha, na nilitaka IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukiiangalia kwa pembeni. Sababu ni wateja wenyewe. Mteja haketi mbele ya kioo, anaketi pembeni yangu, wakati mwingine yuko na mkewe na fundi wake amesimama nyuma. Paneli za TN, zilizojaa kwenye monita za bei rahisi, ukiziangalia kwa pembeni rangi zinapauka, na ukiwa chini zinageuka nyeusi. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Chamwino kuangalia ramani yake. Akiwa kwenye kiti cha pembeni kabisa aliweka kidole juu ya kioo na kusema, "Mwanangu, huu mlango wa jikoni unafungukia kwenye ngazi." Ni kweli, ulikuwa unapigana na ngazi ya nyuma, tukaugeuza pale pale. Kule kwenye kioo cha laptopu asingeuona ule mstari mwembamba kwa pembe ile.

Sasa dukani. Usinunue monita ya mtumba kwa picha ya WhatsApp, na mimi binafsi sikutaka kuagiza ije na basi kutoka Dar, kilomita kama 450, ikilaliwa na maboksi ya watu. Nenda na laptopu yako. Muuzaji wangu alikuwa kijana muungwana, akaniambia, "Dada, hivi ni vioo vya ofisini Ulaya, havina shida." Nikamjibu, "Nakuamini kaka, ila niwashie." Nilikuwa nimeandaa picha mbili kwenye laptopu, moja nyeupe tupu na nyingine nyeusi tupu. Kwenye nyeupe unatafuta doa, nukta iliyokufa na kona iliyogeuka njano. Kwenye nyeusi unatafuta mwanga unaovuja pembeni na nukta inayowaka isiyozimika. Ya kwanza aliyonipa, ya kampuni nyingine, ilikuwa na unjano kona ya chini, tukairudisha rafuni bila ugomvi. Hii Dell ilipita. Iache iwake nusu saa huku mkipiga soga, kwa sababu kasoro nyingine hujitokeza kioo kikishapata joto. Geuza nyuma usome lebo, mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimeandikwa. Inyanyue na kuishusha kwenye stendi, izungushe hadi isimame wima, usikilize kama kuna kitu kinalegea. Na dai risiti ya EFD yenye muda wa dhamana uliokubaliwa, umeandikwa kwa kalamu ikibidi.

Kwenye waya nataka nieleze kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. U2412M haina tundu la HDMI. Ina VGA, DVI-D na DisplayPort. Laptopu nyingi zina HDMI tu. Ukifika dukani utapewa waya wenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande mwingine, wa bei nafuu, na hautafanya kazi. Waya wa namna hiyo hupeleka picha upande mmoja tu, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye kioo chenye HDMI. Kinyume chake panahitajika adapta yenye saketi ndani, na hiyo ni ghali. Njia ya mkato ni waya wa HDMI kwenda DVI-D. Mawimbi yake ni ya aina moja, hakuna kinachogeuzwa katikati, na DVI ya kawaida inabeba 1920 kwa 1200 kwa hezi 60 bila kupunguza kitu. VGA iache iwe ya dharura. Mistari myembamba ya ramani inatoka na kivuli.

Spika haina, kwa hiyo sauti inabaki kwenye laptopu. Michezo ya kasi sio kazi yake.

Umeme inakula kama wati 40, yaani ukifanya kazi saa nane kwa siku, uniti moja ya LUKU inakupeleka siku tatu. Niliongeza UPS ndogo, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, kwa kuwa laptopu ina betri lakini monita haina, na umeme ukikatika katikati ya maelezo kwa mteja unabaki unaonesha kioo cheusi. Kioo chenyewe hakimeremeti, na kwa jua la Dodoma hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo weka meza dirisha likiwa ubavuni, lisiwe mgongoni. Vumbi la kiangazi lifute kwa kitambaa laini kikavu, dawa za kusafishia madirisha ziweke mbali.

Simaanishi kwamba ile ndefu ya 21:9 haina mwenyewe. Anayehariri video au sauti, ambaye kazi yake inakwenda kwa upana, ataifurahia. Hata mhasibu wa mishahara: pikseli 2560 zinaonesha safu 40 za Excel kwa upana wa kawaida, wakati 1920 zinaonesha 30. Ila kwa bei niliyotajiwa ya ile 29 mpya unapata hizi za mtumba mbili na chenji inabaki. Mpango wangu ndio huo, ya pili niisimamishe wima kwa ajili ya BOQ na hii ibaki na ramani. Nimeshamwambia yule kijana anipigie mzigo mwingine ukifika. Kwa kuwa laptopu yangu ina HDMI moja tu, na tundu lake la VGA sitaki kulitumia, kwanza natafuta adapta ya USB inayotoa picha, na hiyo pia nitaijaribu dukani kabla ya kulipa.