Kisoma misimbo cha OBD-II katika gari kuukuu la paa la kukunja: tathmini baada ya miezi minne

Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia kisoma misimbo kidogo cha OBD-II (mfumo wa gari wa kujichunguza na kurekodi hitilafu kwa misimbo), cha aina ile inayochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kupeleka taarifa kwenye simu kwa Bluetooth, katika gari langu la paa la turubai lililotengenezwa mwaka 2002. Nilikinunua kwa sababu taa ya injini na ile ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) zilikuwa zikiwaka pamoja kila nilipoendesha usiku wa mvua, na fundi wa kwanza aliyelitazama gari alikwisha kunishauri nibadilishe alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, bila kupima chochote.

Kifaa kiliungana na simu upesi, na ndani ya dakika moja kilinipa msimbo P0562, ambao maana yake ni kwamba volti za mfumo ziko chini. Mtu mwenye haraka angeishia hapo, akanunua betri au alteneta, na fedha zake zingekwenda bure, kwa kuwa msimbo hautaji kipande kilichoharibika. Hueleza tu kile ambacho kompyuta ya injini imekihisi. Nilipopima betri kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), injini ikiwa inanguruma na taa kubwa pamoja na feni zimewashwa, nilipata volti 14.2, ambacho ni kiwango cha alteneta nzima kabisa. Wakati huohuo simu ilikuwa ikionyesha volti 10.9.

Hapo ndipo kifaa kilipolipa gharama yake. Soketi ya OBD-II ina pini 16: pini ya 16 huleta chanya ya betri, nayo ya 4 na ya 5 ni za ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari), kwa hiyo kifaa husoma umeme kama unavyofika ndani ya gari, si kama unavyotoka kwenye betri. Ikiwa umetoka mzima na kufika pungufu, basi unapotelea njiani. Kwa kutumia waya mrefu, niligusisha ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye vichwa vya nyaya za ethi zilizofungwa kwa boliti moja chini ya zulia, karibu na kizingiti cha mlango. Ilisoma volti 3.2, mahali ambapo ethi safi haipaswi kuzidi 0.2. Nilipoisogeza ncha hiyo sentimita mbili tu, hadi kwenye bati la bodi, ikasoma 0.04. Mchawi alikuwa boliti: ilikuwa na joto la kuhisiwa kwa kidole, na vichwa vya nyaya vilifunikwa na kutu ya kijani ya shaba. Nilitoa waya wa hasi kwenye betri, nikaifungua boliti, nikasugua kila kitu kwa msasa hadi kikang'aa, nikafunga upya na kupaka grisi. Soketi sasa inasoma volti 14.1, na taa ya ABS ilizimika yenyewe.

Anayemiliki gari la aina hii atakuwa amekwisha kujua maji yalitoka wapi. Kwenye pembe za paa kuna mifereji midogo ya kupitisha maji ya mvua hadi chini ya gari, na majani yakiiziba, maji hufurika na kuingia ndani. Zulia la juu hukauka, lakini sponji iliyo chini yake hubaki imelowa kwa majuma mengi, tena palepale zinapopita nyaya.

Kifaa kina mipaka yake, na ningependa wauzaji waieleze waziwazi. Hiki changu husoma misimbo ya injini peke yake. ABS, mikoba ya hewa (ile inayofumuka kulinda abiria wakati wa ajali) na mota ya kukunja paa hakivioni kabisa. Upande wa ABS nilibahatika, kwani ugonjwa ulikuwa mmoja. Taa ya mkoba wa hewa ikiwaka, mpelekee fundi mwenye mashine inayosoma mfumo huo, na usithubutu kugusa nyaya zake kwa multimita, kwa sababu mkoba unaweza kulipuka. Nyaya zinazojikunja kwenye bawaba za paa nazo hukatika shaba ndani huku plastiki ikionekana nzima, na hizo hazipatikani ila kwa kuzitikisa ukiwa unatazama multimita.

Kabla ya kununua, hakikisha gari lako linaielewa lugha hii: Marekani ililazimisha OBD-II kuanzia magari ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ulilazimisha mfumo wake unaofanana nao kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Andika misimbo yote kabla ya kubonyeza kufuta, kwani kufuta huondoa pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea.

Ninakipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti kwamba mnunuzi awe na multimita. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu pini ya 16 ina umeme muda wote, na kifaa kikiachwa kimechomekwa huendelea kula betri gari likiwa limezimwa. Gari la paa la kukunja aghalabu hulala majuma kadhaa likingoja jua, kwa hiyo changu hukichomoa kila ninapomaliza kusoma.