Rangi ya zambarau ya kuchora mpaka, nimeitumia misimu 2 huku Texas Mashariki

Nyie mnaoniuliza inbox kuhusu ile rangi ya zambarau kwenye miti ya shamba langu, haya jibu lenu ni hili, naipa nyota 4 kati ya 5.

Nina eka 10, pori la misonobari, mraba kabisa futi 660 kila upande. Mwaka wa kwanza nilipigilia vibao vya plastiki vya usiingie, msimu wa kulungu ulivyofunguliwa Novemba nakuta viwili vimechanwa, kimoja kina matundu ya risasi, alafu hatua kama 40 ndani ya mpaka wangu kuna ngazi yenye kiti cha mwindaji imefungwa mnyororo kwenye mti, chini yake mahindi yamemwagwa ya kuvutia kulungu na vichungi vya sigara vimezagaa. Iliniuma sana jamani, hiyo ardhi mi na mke wangu tumeilipia kwa shifti za usiku na watoto wanacheza humo humo. Kumuuliza jirani anayekodisha upande wake kwa wawindaji, ananiambia vijana hawakuona kibao.

Ndo mzee wa duka la vifaa vya shamba akanambia paka zambarau. Sheria hiyo Texas ipo tangu 1997, Arkansas ndo walianza 1989, alama ya zambarau kwenye mti ina nguvu ileile ya kibao na hakuna wa kuing'oa. Vipimo vishike: mstari wa wima, urefu inchi 8 au zaidi, upana usipungue inchi 1, mwisho wake wa chini uwe futi 3 hadi 5 kutoka ardhini, na msituni alama zisiachane zaidi ya futi 100. Mzunguko wangu ni futi 2,640 kwahiyo miti 27 ingetosha, mi nimepaka zaidi ya 60 maana vichaka vinaziba.

Sasa rangi yenyewe. Ya spray usinunue. Asubuhi ya baridi mdomo unaziba, na gome la msonobari lina magamba kwahiyo rangi inakaa juujuu inachuruzika, msimu wa pili ilishapauka huioni mpaka usogee karibu. Ya mkebe na brashi ndo yenyewe, nzito, ya mafuta, unakwangua kwanza yale magamba yaliyolegea alafu unapaka, robo galoni nilinunua dola 20 na kitu na mpaka leo inawaka. Vaa glovu, ikigusa ngozi sabuni haiitoi.

Nyota niliyokata ni kwasababu mkebe haukwambii popote upime kwanza. Mi nilikua nataka kufuata senyenge ya zamani tu, savea alivyokuja kupigilia nondo zake kwenye kona ikaonekana ile senyenge imeingia kwa jirani karibu futi 12! Yani ningepaka miti ya mwenzangu. Kwetu Uchaggani mpaka ni masale, ile mimea inayopandwa mpakani, mtu akihamisha sale ukoo mzima unaitwa kukaa, sasa nikajiona mimi ndo nataka kuhamisha masale ya watu. Lipia savea, inauma lakini lipia.

Msimu uliopita, Jumamosi jioni, geti linagongwa, mzee mmoja na kijana wake, kofia mkononi, wanawinda hapo kwa jirani. Kulungu wao kajeruhiwa kakimbilia kwangu, wameona zambarau wakasimama. Huku mnyama ni mali ya umma lakini hata ukimpiga ukiwa upande wako huruhusiwi kumfuata kwa mtu bila ruhusa ya mwenye ardhi. Bunduki walishaziacha kwenye gari bila mimi kusema neno, na hicho ndo kilinilainisha. Nikachukua tochi tukafuata matone ya damu kwenye majani makavu ya msonobari, tone hapa, alafu hatua kumi hamna kitu, alafu tone lingine, mpaka kijitoni tukamkuta kalala. Kijana akapiga goti akamshika shingo kimyaa, baba yake akanishukuru mara tatu.

Kesho yake wakaleta paja zima kwenye deli la barafu. Namba yao ninayo, yangu wanayo. Mwaka huu kabla ya Novemba napaka tena upande wa kaskazini nilikotumia spray, na safari hii kwa brashi.