Feni kimya, taa zenye kazi: uzoefu wangu na Fan Control na OpenRGB

Kilichonisumbua kwanza ni kelele. Nahariri video za harusi na sendofu kwenye chumba nilichopanga Soweto, hapa Mbeya, na mara nyingine narekodi sauti yangu mwenyewe juu ya picha. Kompyuta nilijengewa kwa vipuri vilivyopanda basi kutoka Kariakoo: boksi lenye kioo ubavuni, feni tatu mbele, moja nyuma, nyingine juu ya prosesa, zote zinawaka rangi za upinde wa mvua. Wateja wakiingia wanasema hii mashine ni kali. Maikrofoni ilikuwa na maoni tofauti. Nikifungua folda tu, feni zinapanda vuuu, zinashuka, zinapanda tena, kama bodaboda iliyobeba mshikaki ikiutafuta Mlima Nyoka.

Nilianza na programu ya watengenezaji wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ambao siwataji. Ilinila bando la wiki, ikataka nifungue akaunti, kisha ikanionyesha matangazo ya bidhaa zao. Sikuwa nimetangaza nia ya kununua kitu. Feni za mbele ni za kampuni nyingine, nazo zina programu yake, kwa hiyo nikawa na mbili zinazogombea mashine moja. Siku moja nzima taa za RAM ziliganda kwenye zambarau. Nikazifuta zote.

Sasa natumia mbili za bure: Fan Control ya Remi Mercier kwa ajili ya feni, na OpenRGB, iliyoanzishwa na Adam Honse, kwa taa. Ya kwanza ni ya Windows tu. Ya pili inakwenda na Linux pia, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Fan Control ndiyo iliyoniponya. Ukiifungua mara ya kwanza inajitolea kukusaidia: inazungusha feni moja moja, inaongeza na kupunguza, mpaka ijue ipi inaitika kwenye tundu lipi la mazabodi. Ya nyuma kwangu ikagoma. Iwe asilimia 20 au 100, yenyewe mbio zilezile. Nikailaumu programu nusu siku, kumbe tatizo liko kwangu. Feni ile ina pini tatu, za mbele zina nne. Pini ya nne ndiyo inayobeba amri ya mwendo, ile wanayoiita PWM. Feni isiyo nayo unaipunguza kwa kuipunguzia volti, basi. Tundu lake lilikuwa limepangwa PWM, kwa hiyo likawa linaimwagia volti 12 saa zote. Nikaingia BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, nikaligeuza kuwa DC, yaani lidhibiti kwa volti, nikawasha tena. Kwa mara ya kwanza nikasikia saa ya ukutani.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye grafu: chini kuna nyuzi joto, pembeni asilimia ya mwendo, wewe unaburuta nukta kwa mausi. Rahisi. Ila grafu peke yake haiondoi ule mpandoshuko. Joto la prosesa linaruka nyuzi 10 kwa sekunde moja kisha linarudi, na feni tiifu italifuata kila linakokwenda. Dawa yake ni sehemu mbili ndogo chini ya grafu ambazo wengi wanazipita: pengo la nyuzi, na muda wa kusubiri. Nimeweka pengo la nyuzi 5 na sekunde 4. Joto likiruka na kurudi, feni hazina habari. Likipanda likakaa, ndipo zinaamka, taratibu. Zile tatu za mbele nimezifunga kwenye grafu ya aina ya Mix, ambayo inasikiliza prosesa na kadi ya grafiki halafu inamfuata aliye moto zaidi. Hii imenisaidia sana, maana nikitoa video ndefu, yaani kuigeuza kuwa faili la mwisho, kadi ndiyo inayohenya.

Na hapa niseme na wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe. Grafu aliyoichora mtu wa mbali usiibebe ilivyo. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Aliyehamia kutoka Dar anajua maharage ya huku yanavyochelewa kuiva: maji yanachemkia kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo feni zetu zinayoisukuma. Kwa mizunguko ileile zinabeba hewa pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, na joto inaloondoka nalo linapungua. Kinachotuokoa ni baridi. Mwezi wa saba asubuhi naingia chumbani na koti, na kompyuta ikiwa haina kazi nzito feni zinazunguka kwa asilimia 25, huzisikii mpaka uinamishe sikio. Oktoba ni hadithi nyingine: jua kali, vumbi limetanda, kichujio cha mbele kimekuwa kama blanketi. Nikasafisha kwa brashi ya kupaka rangi, na joto wakati wa kutoa video likashuka kutoka nyuzi 81 hadi 74 bila kugusa programu. Basi nimehifadhi mipangilio miwili, wa kipupwe na wa kiangazi, nabadilisha kwa kubofya kialama kilicho karibu na saa ya Windows.

Jambo moja la kuangalia. Machi 2025 Defender, mlinzi wa Windows dhidi ya virusi, ilianza kuikamata WinRing0, draiva (programu ndogo ya kuongea na vifaa) ambayo programu nyingi za jamii hii zilikuwa zikiitumia kusomea vipima joto. Haikuwa kelele ya bure, udhaifu wa draiva hiyo unajulikana tangu 2020. Matoleo mapya ya Fan Control yanatumia draiva nyingine, PawnIO, badala yake. Mimi nilikuwa na toleo la zamani, nabana bando, na siku hiyo programu ilikwama katikati ya kurekodi, feni zikarudi kufuata BIOS zikavuma zote. Uzembe wangu. Tangu hapo nimepanga na BIOS yenyewe vizuri, maana hata umeme ukikatika na kurudi, BIOS ndiyo inayoshika usukani mpaka Windows iwake.

OpenRGB haina mengi ya kusimulia. Inatambua karibu kila kitu nilichonacho, lakini mkanda wa taa haiwezi kuujua una taa ngapi; unahesabu wewe kwa kidole, unaiandikia. Wangu una 21. Huo ni wa pili. Wa kwanza niliuunguza mwenyewe: ni wa volti 5 wenye pini tatu, plagi yake ya bei poa haikuwa na kizuizi, nikaukandamiza kwenye tundu la volti 12 la pini nne. Ukawaka sekunde mbili, chumba kikanuka. Soma maandishi kwenye mazabodi kabla ya kuchomeka, hata kama fundi anakuambia, "Kaka, weka tu, zote taa."

Rangi za kucheza nimezizima. Zilikuwa zinaakisi kwenye skrini nikisahihisha rangi za ngozi ya bibi harusi. Ila OpenRGB inapokea amri za kuandika, na hapo ndipo nilipoipenda. Kwenye faili dogo la amri linaloendesha kazi za usiku nimeweka mistari miwili: video ikianza kutoka, taa zote nyekundu hafifu, ikimaliza, kijani. Kazi ya dakika arobaini sikai tena nikiikodolea macho. Navuka barabara, nakaa kwa mama ntilie, naangalia dirisha langu kutoka pale.

Juzi mvua ilikuwa inanyesha, nimelipa mgongo dirisha, nakula. Mama ntilie akanigusa bega na mwiko:

"Mwanangu, kijani hicho. Maliza wali wako uende."